Mkate na Mafuta: Dua za Mgeni wa Futari, Kutoka Pwani Hadi Ndalu



Kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, ukurasa huu hujaa habari za jikoni: mihogo na ndizi mbichi za nazi, tambi, kaimati, sambusa, na uji wa pilipili manga ambao wazee wetu wengi wasipounywa hujiona kama hawakufuturu. Wiki hii, wapenzi wasomaji, tunaomba ruhusa tuyaache masufuria yetu tuelekee magharibi hadi Ndalu, huko Tongaren katika kaunti ya Bungoma, pande za kwendea Kitale. Si nchi ya nazi wala ya tende. Ni nyanda za juu zenye baridi, nchi ya mahindi, maharagwe na ng'ombe wa maziwa, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu kabla ya kugawiwa wananchi katika miaka ya 1960. Uislamu si mgeni katika magharibi ya Kenya; misafara ya biashara kutoka Pwani iliufikisha Mumias, makao ya Nabongo wa Wanga, tangu karne ya 19. Lakini katika vijiji vya Tongaren Waislamu ni wachache, nyumba moja huku na nyingine kule, katikati ya majirani Wakristo.

Wako binti zetu waliokwenda kuishi pande hizo, wengine kwa ualimu, wengine kwa biashara, wengine kwa ndoa. Kuna jambo ambalo huwasibu wengi walio katika hali yao, nalo ni kuona haya kumkaribisha mtu kufuturu. Mwanamke aliyelelewa Mombasa, Malindi au Lamu amezoea kuona sinia limejaa hata halina pa kuongeza bakuli. Akitazama jiko lake la ugenini anaona uji wa wimbi, viazi vitamu, chai ya maziwa, ugali na mrenda. Husema moyoni: nitamwita nani kwa chakula hiki? Basi mlango hubaki umefungwa mwezi mzima. Mume hufuturu pamoja na mkewe na watoto, Ramadhani hupita, na hakuna mgeni aliyeinua mikono katika nyumba ile.

Tunaandika makala haya kwa ajili ya mlango ule. Na tunaanza na dua ambayo karibu kila Muislamu wa Pwani ameisikia ikisomwa baada ya kufuturu, ile inayoanza kwa maneno *Aftara indakumu*. Maana yake ni mgeni kuwaombea wenyeji wake kwamba wafungaji wafuturu kwao, chakula chao kiliwe na watu wema, na malaika wawaombee rehema. Mambo matatu tu, lakini ukiyatafakari utaona kwamba hakuna hata moja linalohusu ladha wala wingi wa chakula.

Dua hii ina kisa chake, na kisa ndicho kinachotupasa tukikumbuke. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, katika riwaya aliyoipokea Imam Abu Dawud, kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alimzuru Saad bin Ubada (R.A.). Saad hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mkuu wa ukoo wa Khazraj mjini Madina, na ukarimu wake ulijulikana na watu wote. Mtu wa namna hiyo, akijiwa na mgeni bora wa wageni wote, tungetaraji achinje ngamia. Alichokileta ni mkate na mafuta ya zeituni. Mtume (S.A.W.) akala, kisha akawaombea kwa dua hiyo tuliyoitaja.

Mkate na mafuta. Tungependa kila mama anayesoma ukurasa huu alitazame sinia lile kwa muda kabla ya kuendelea. Leo vijana wetu husoma *Aftara indakumu* mbele ya biriani na vyakula vya aina kumi, na sisi tumezoea kuiona kama mapambo ya karamu, ilhali ilitamkwa juu ya chakula ambacho mwanamke wa Ndalu anaweza kukipika bila kukopa. Ukimweka mgeni mbele ya uji wa wimbi na viazi vitamu, uko karibu na sinia la Saad kuliko sisi wa Mombasa na kaimati zetu. (Kaimati hatuziachi, lakini ukweli usemwe.)

Katika riwaya ya Ibn Majah dua hiyo inatajwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliisoma alipofuturu kwa Saad mwingine, Saad bin Muadh (R.A.). Wanavyuoni wamezungumza kama maneno yake ni ya kueleza yaliyotokea au ni ya kuomba yatokee. Wengi wameyachukua kuwa ni maombi, na ndiyo maana wako wanaoisoma hata wanapoalikwa siku isiyo ya saumu. Sisi tunapendezwa na maana hiyo ya maombi, kwa sababu inamfaa sana mtu wa Ndalu. Anayeishi mbali na Waislamu wenziwe anaombewa kwamba wafungaji waendelee kuja kwake. Ni kama kusema: mlango huu usifungwe tena.

Sasa tuulizane jambo ambalo wanawake wengi hulifikiri na wachache hulisema. Dua hii husomwa sebuleni, mbele ya wanaume. Aliyepika yuko nyuma ya pazia, anasafisha sufuria au anamnyonyesha mtoto, na mara nyingi husikia neno la mwisho tu, ile Amin. Je, naye yumo?

Yumo. Lugha yenyewe inashuhudia, kwa kuwa maneno *indakumu* na *alaykumu* ni ya wingi. Hayamwelekei mwanamume aliyekaa kichwani mwa mkeka peke yake, bali watu wa nyumba ile. Na tuna ushahidi ulio wazi zaidi. Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia, kwa Abu Dawud vilevile, kwamba mwanamke mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) amwombee yeye na mumewe. Hakusubiri mume aombe kwa niaba yake, na alijitaja mwenyewe kwanza. Mtume (S.A.W.) hakumkemea wala hakumwambia kwamba mambo hayo ni ya wanaume, aliwaombea rehema wote wawili, naye akaanza na mwanamke, kama alivyoombwa. Basi dada yetu, mgeni wako akiwa mzee, au mwalimu wa chuo, au mpita njia tu aliyefunga, si utovu wa adabu kutoka na kumwambia kwa heshima: utuombee dua, na mimi pamoja nao.

Wala kuomba dua si kujidhalilisha. Abdullah bin Busr (R.A.) amesimulia katika Sahihi ya Imam Muslim jinsi Mtume (S.A.W.) alivyofika kwa baba yake. Walimpa chakula, kisha tende. Alikuwa akila tende na kuziweka kokwa kati ya vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati. Kikaletwa kinywaji, akanywa na kumpokeza aliyekuwa kuliani kwake. Alipokuwa tayari kuondoka, yule baba alishika hatamu za mnyama wake akamwambia awaombee. Hapo Mtume (S.A.W.) akasema dua inayoanza *Allahumma barik lahum*, akimwomba Mwenyezi Mungu awabariki katika alivyowaruzuku, awasamehe na awarehemu. Tazameni picha ile: mgeni ameshapanda, mwenyeji ameshika hatamu hataki kuachia mpaka apate dua yake. Huko Ndalu hatamu huenda zikawa ni za bodaboda, lakini haja ni ile ile.

Tumetaja mianzo tu ya dua hizi, kwa kuwa herufi zetu za Kilatini hazibebi matamshi ya Kiarabu, na anayejifunza dua kwa kusoma gazeti huishia kuibadilisha maana. Mpelekeeni mwalimu wa madrasa mianzo hii. Ataijua mara moja na atakusomesheni kwa mdomo, kama tulivyosomeshwa sisi.

Kabla ya mgeni kumwombea mwenyeji, kila aliyefunga ana dua yake mwenyewe, na hapa pana mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni wakati. Familia nyingi za Pwani zilizoko bara hufungua saumu kwa adhana ya redioni au ya simu, na simu nyingine bado zimewekwa saa za Mombasa. Jua halizami kwa wakati mmoja Kenya nzima. Dunia hujizungusha uzi mmoja kila dakika 4, na Ndalu iko karibu nyuzi 5 magharibi ya Mombasa. Katika miezi ya Februari na Machi, ambamo Ramadhani inaangukia miaka hii, Magharibi ya Ndalu huja kiasi cha robo saa au zaidi baada ya ile ya Mombasa, na dakika 6 hivi baada ya ile ya Nairobi. Anayefuturu Ndalu kwa adhana ya Mombasa anakula mchana. Na kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, aliyekula akidhani jua limezama kisha ikambainikia kwamba lilikuwa bado, hulazimika kuilipa siku ile. Kuharakisha kufuturu ni sunna iliyothibiti katika Bukhari na Muslim kwa riwaya ya Sahl bin Saad (R.A.), lakini kuharakisha ni baada ya jua kuzama. Mgeni anayetoka Pwani aulize wenyeji saa zao, na mwenyeji asimwonee haya kumwambia: subiri kidogo, kwetu bado.

Robo saa ile ya kusubiri si hasara. Imepokewa kwa Ibn Majah, kutoka kwa Abdullah bin Amr bin al-As (R.A.), kwamba mfungaji ana dua isiyorudishwa wakati wa kufuturu kwake. Mwenyewe Abdullah alikuwa akiutumia wakati huo kumwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa rehema Yake iliyoenea kila kitu. Na ni nani asiyeipata saa hii katika nyumba zetu? Ni mama. Wakati wanaume wamekaa mkekani wanatazama saa, yeye anageuza sambusa za mwisho kwenye mafuta, anatafuta kijiko, anamwita mtoto alete maji. Saa ya kujibiwa humpita akiwa amesimama. Tunawaambia akina baba na vijana bila kuzungusha maneno: dakika kumi kabla ya adhana, chukueni nyinyi maji na vikombe, na mwacheni aliyepika aketi ainue mikono yake. Chakula kikipungua aina moja, hakuna atakayekufa.

La pili ni maneno yenyewe. Watu wengi hapa Pwani wamezoea *Allahumma laka sumtu*, na wako wanaogombana na wenzao wanaosoma *Dhahaba-dhamau*. Zote mbili zimo kwa Abu Dawud. Ya kwanza aliipokea Muadh bin Zuhra, ambaye hakumkuta Mtume (S.A.W.), kwa hiyo isnadi yake imekatika, na maneno mengine ambayo baadhi yetu huongeza ndani yake hayamo katika riwaya ile. Ya pili imepokewa na Ibn Umar (R.A.), na isnadi yake imesifiwa zaidi na wanazuoni. Hii ya pili inasema kwamba kiu imeondoka, mishipa imelowa na thawabu imethibiti, Mungu akipenda. Tazameni mpangilio wake: mtu hawezi kusema kiu imeondoka kabla hajanywa. Basi husomwa baada ya tende au maji, si kabla. Na pasipo tende, kama ilivyo madukani mwa vijiji vingi vya bara, Anas (R.A.) ametufundisha kwamba Mtume (S.A.W.) alipokosa tende mbivu na kavu alifungua kwa mafunda ya maji. Maji yapo Ndalu.

Na yapo maziwa, ambayo yanatufikisha kwenye dua nyingine ya mgeni. Miqdad (R.A.) amesimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba yeye na wenzake wawili walipatwa na njaa kali, wakakosa wa kuwapokea, mpaka Mtume (S.A.W.) akawachukua kwake. Palikuwa na mbuzi watatu. Kila jioni walikamua, kila mmoja akanywa fungu lake, na fungu la Mtume (S.A.W.) likawekwa mpaka arudi. Usiku mmoja shetani alimpambia Miqdad kwamba Mtume (S.A.W.) hupewa vyakula na Ansari, haihitaji funda ile; akainywa. Ilipokwisha kutua tumboni majuto yakamshika, usingizi ukamkataa. Mtume (S.A.W.) akaingia, akatoa salamu kwa sauti inayosikika na aliye macho wala isimwamshe aliyelala, akasali, akaenda kwenye chombo, akakifunua, hamna kitu. Akainua kichwa mbinguni. Miqdad akajua kwamba sasa ataombewa maangamizi. Alichokisikia ni *Allahumma at'im man at'amani*: Mtume (S.A.W.) alimwomba Mola amlishe atakayemlisha na amnyweshe atakayemnywesha. Miqdad akaruka na kisu kwenda kumchinja mbuzi aliyenona kupita wenzake, ili aipate dua ile, akakuta viwele vimejaa maziwa, na wale wengine vilevile. Akakamua mpaka povu likapanda.

Hiyo ni dua ya mtu aliyekuta chombo kitupu, na hakumlaumu yeyote. Wageni wanaoguna kwamba futari ya mahali fulani haikuwa na nyama wakumbushwe chombo kile.

Limebaki suala la jirani asiyekuwa Muislamu, na katika mazingira ya Ndalu hili huenda likatokea kuliko yote tuliyoyataja. Katika jamii za Waluhya, wakiwemo Wabukusu na Watachoni wa pande hizo, mgeni wa heshima hupewa kuku, na salamu yao, *mulembe*, maana yake ni amani, kama salamu yetu. Jirani mwema anayejua kwamba umefunga anaweza kukuletea maziwa, mayai, au kuku akiwa hai ili umchinje mwenyewe. Je, apokelewe? Apokelewe, na akaribishwe kuketi. Aya ya 8 ya Suratul Insan inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa, na wafasiri wa mwanzo kama Qatada wamesema kwamba wafungwa wa zama zile walikuwa washirikina. Ikiwa wao walilishwa, jirani ana haki iliyo kubwa zaidi. Na Suratul Mumtahina, aya ya 8, inaruhusu wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita katika dini.

Ama kumwombea dua, Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake husomwa sana katika misikiti yetu, ameandika katika *al-Adhkar* kwamba asiye Muislamu aliyekufanyia wema hatuombi kwa ajili yake maghufira, lakini yafaa kumwombea uongofu, afya na mfano wa hayo. Huku ni kunena kwa kipimo. Mwenyeji wa Ndalu anaweza kumwambia jirani yake, kwa Kiswahili wanachokielewa wote wawili, Mungu akupe afya, akubarikie shamba lako, akuongoze kwenye kheri. Ramadhani ya miaka hii huangukia wakati wa kutayarisha mashamba kabla ya mvua za masika. Dua ya shamba itaeleweka bila ya tafsiri.

Lipo onyo moja, na tumeliweka mwisho makusudi, kwa sababu tumetumia kurasa mbili kuhimiza dua na mtu asije akaigeuza kuwa bei. Aya inayofuata ile ya Suratul Insan inawaeleza watu wale wema kuwa hawakutaka kwa waliowalisha malipo wala shukrani. Kuomba dua kunafaa, kama alivyofanya yule mwanamke na kama alivyofanya babake Abdullah bin Busr. Kumlisha mtu huku jicho liko mikononi mwake, ukimhesabia amekuombea kwa muda gani, ni jambo jingine. Imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alipokuwa akipeleka zawadi kwa watu humwagiza mjumbe asikilize waliopewa wameomba dua gani, ili naye awaombee mfano wake, dua kwa dua, na thawabu ya kutoa ibaki kwake nzima.

Desturi yetu ya kutorudisha sahani tupu inakaribiana na hayo, na kule bara pia bakuli huenda na uji likarudi na mahindi. Mtoto akitumwa kwa jirani na futari kabla ya Magharibi, amwagizeni na yeye asikilize. Akirudi na bakuli mkononi, muulizeni kwanza wamesema nini, kisha ndipo mtazame kilichomo.

Wabillahi tawfiq.